Presha na vikao vya harusi

Wiki iliyopita nesi alinipima presha, ikasoma 150 kwa 95. Akaniuliza chumvi, pombe, usingizi. Kikao cha harusi hakukigusa! Pale mweka hazina alisoma majina kuanzia waliotoa laki tano, akishuka taratibu hadi kwangu, elfu hamsini, masikio yakinichoma. Watu walipiga makofi, ya kistaarabu tu.

Sisemi kikao ndicho kilichonipa presha. Ila kuna utafiti ulioanza Uingereza mwaka 1967, ukafuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000. Hawakuwa fukara, wote wana kazi na matibabu ya bure. Lakini matarishi na walinda mlango walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara kadhaa zaidi ya wakubwa wa juu, na sigara pamoja na lehemu (kolesteroli) havikutosha kueleza tofauti yote.

Ulionishangaza zaidi ni wa Marekani, wa mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake, 2008. Watu wazima 193 wenye afya walitia alama nafasi yao kwenye mchoro wa ngazi ya jamii, kisha wakatiwa virusi vya mafua puani (kwa hiari yao, jamani). Waliojiweka chini waliugua zaidi, hata ukizingatia kipato na elimu yao halisi.

Chumvi nimepunguza, dawa nameza. Na lile grupu la kamati nimelizima sauti. Shemeji ameshaanza kununa.