Kurasa Zilizofungia Korosho

Basi liliniteremsha Mikindani saa kumi na moja jioni, pale barabara ya kutoka Lindi inaposhuka na kuikuta ghuba, kabla haijamalizia kilomita kama kumi za kuingia Mtwara mjini. Maji yalikuwa yamekupwa. Kina mama wameinama kwenye tope wanaokota chaza, kanga zimefungwa juu ya magoti, na harufu ya mikoko ni ile ile. Nilisimama na begi langu begani, sikumpigia mtu simu.

Niliondoka mwaka 2001. Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa, Rufiji tuliivuka kwa pantoni pale Ndundu, na kabla ya kufika huko tulilala njiani siku mbili kwa sababu ya tope. Safari hii daraja nililipita nikiwa nimesinzia. Somanga nikanunua samaki wa kukaanga, nikala, nikasinzia tena, nikaamkia Mnazi Mmoja pale njia ya Masasi inapochepuka. Miaka yote hiyo nilikuwa Mwanza. Nilirudi mara mbili tu, zote kwa misiba, na msibani mtu hakai na watu wake. Anakaa na msiba.

Chini ya vitenge vya zawadi, ndani ya begi, kulikuwa na kitabu chembamba nilichokipata Dar kwa muuza vitabu vya zamani aliyetandaza bidhaa zake chini karibu na Posta. Mzimu wa Watu wa Kale. Nilipoliona jalada mikono ilinitetemeka, na yule kaka akapandisha bei hapo hapo. Nikalipa.

Waliokua na vitabu hivi hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine: Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa 1918, aliandika hadithi za mpelelezi aitwaye Bwana Msa. Ya kwanza ndiyo hii. Ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya mwisho ya hamsini, ikachapishwa 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Bwana Msa ana rafiki yake Najum, ambaye haraka yake ndiyo haraka ya msomaji, na kuna Inspekta Seif wa polisi. Nimekuja kuona ukubwani kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: M, S, A ni herufi za mwanzo za jina la mwandishi mwenyewe.

Nyumbani kwetu vilikuwa vitatu, vyote vya Mjomba. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, anapima korosho na kuandika kilo kwenye daftari. Vitabu alivitunza kwenye sanduku la bati pamoja na cheti chake cha shule na koti la harusi. Usiku, msimu wa korosho ukiisha na kazi zimepungua, alitutoa watoto wote barazani, akaweka kibatari juu ya kiti, akatusomea sura moja. Moja tu. Ukilia, ukibembeleza, ni moja.

Kiswahili kile kilikuwa chetu na hakikuwa chetu. Sisi ni watu wa pwani, lakini pwani ya kusini ina maneno yake na Unguja ina yake. Bwana Msa alikuwa akitaka kufikiri, anavuta kiko cha tumbaku. Mimi kiko nilichokijua ni cha mkono. Kwa hiyo mwaka mzima nilimwona mtu mzima amekaa kwenye kiti, mkono wa kulia umeshika kiko cha mkono wa kushoto, anakivuta polepole, halafu akili zinamjia. Nilifanya hivyo kwenye mtihani wa hesabu. Hata leo nikikwama na jambo, mkono unakwenda wenyewe.

Na mzimu wa kwenye kitabu, kwangu, haukuwa Unguja. Ulikuwa ule mbuyu wa nyuma ya nyumba zetu, unaoupita ukienda kisimani, wenye vitambaa vyekundu na vyeupe na vyungu vilivyopasuka shinani. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa amekufa mzimuni. Alivyosoma tu Mjomba sentensi hiyo, mimi nilishajua amelalia upande gani wa mbuyu.

Sasa, kurasa za mwisho hazikuwepo. Mama alikuwa akikaanga korosho na kuziuza kwa abiria, na karatasi ya kufungia ilikuwa shida. Magazeti yalikuja kwa kuchelewa na yalikuwa na wenyewe. Siku moja gundi ya kitabu ilikuwa imeachia nyuma, kurasa kama kumi zinaning'inia, na Mama, ambaye hakusoma, aliona karatasi. Akazikunja kila moja kama pembe, akabana ncha chini, akajaza korosho, akakunja mdomo. Mwisho wa hadithi ukapanda mabasi ukaenda Lindi, Nachingwea, Masasi. Mjomba alipogundua hakusema neno kwa Mama. Alikaa nje mpaka usiku sana.

Basi tulipofika pale palipokatika, alikifunga kitabu na kuendelea kutoka kichwani. Yeye alikuwa ameshakisoma chote zamani. Akatuambia kwamba Bwana Msa alipeleleza, akauliza huku na huku, akavuta kiko, na mwisho akakiri mbele ya watu wote kwamba Bwana Ali hakuuawa na mtu. Aliuawa na mzimu, kwa kuwa alikwenda mahali asipotakiwa kwenda. Kisha akapuliza kibatari.

Nilikuwa na miaka 10. Nikaanza kuzunguka njia ya mbali kwenda kisimani.

Mwisho wa kweli nimeusoma mwaka huu, Dar, kwenye chumba cha gesti, feni inapiga kelele, nikiwa na miaka 40. Sitausema hapa, mtu asije akanilaumu. Nasema hili moja tu: kitabu kizima kimeandikwa kuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna mkono wa binadamu. Ndiyo kazi ya Bwana Msa katika hadithi zote. Anakuja mahali watu wamekwisha kuogopa na kunyamaza, anauliza maswali. Na mwandishi wake alikuwa amefanya kazi miaka mingi Idara ya Afya huko Unguja kabla ya kuhariri magazeti; mtu wa namna hiyo ameona vifo vingi na anajua kwamba kifo kina sababu. Mjomba, basi, hakusahau tu mwisho wa kitabu. Aliugeuza. Alichukua hadithi inayosema si mzimu akatuambia ni mzimu. Nililala vibaya. Sikuelewa kwa nini mtu aliyelipenda jambo hivyo alipindue kwa watoto.

Nikaja nalo mpaka Mikindani.

Mjomba amezeeka. Macho yana mtoto wa jicho, anasubiri kupasuliwa. Nilimpigia magoti, "Shikamoo, Mjomba," naye akanishika kichwa kwa mikono miwili, "Marahaba, mama. Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Bibi alinipa jina lake mwenyewe siku ya arobaini, na Mjomba tangu hapo hajawahi kuniita kwa lingine. Tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi na pilipili, chakula ambacho Mwanza nilikuwa nakiota. Siku ya pili jioni, barazani, nikamwekea kitabu kwenye mikono. Akakipapasa. Akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye kurasa za mwisho, akazihesabu kwa kidole gumba.

"Ziko," akasema.

"Ziko. Nimezisoma, Mjomba. Mbona ulituambia ni mzimu?"

Alikaa kimya muda mrefu. Watoto walikuwa wanacheza rede barabarani.

"Wewe ulikuwa na miaka mingapi, mama?"

"Kumi."

"Mtoto wa miaka kumi akishaambiwa kifo kina mtu nyuma yake, kesho anauliza ni nani. Na mwaka ule, mtaani pale, jibu lilikuwa limeshatembea nyumba hadi nyumba."

"Jibu gani?"

"Jina lako."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamtaja Bibi.

Nilimkumbuka yule mtoto wa jirani, tuliyekuwa tukicheza naye. Alipata homa Jumatatu, Jumanne akashikwa na degedege, Jumatano wakamzika. Leo mama yeyote aliyekwenda kliniki anajua degedege huweza kuwa malaria imepanda kichwani, kwamba ni mbu, kwamba mtoto anakimbizwa hospitali na si vinginevyo. Wakati ule waliita ndege, waliita mdudu, na wengine waliita mtu. Bibi alikuwa mjane, anajua majani, na alikuwa amemkanda mtoto kwa maji ya mwarobaini ile Jumanne. Hiyo ilitosha. Mjomba akanihadithia kilichofuata: watu wakaacha kuchota maji wakiwa naye, kisha usiku mmoja mawe juu ya bati. Mimi yale mawe niliyasikia. Niliambiwa ni maembe yanaanguka, na nikaamini, ingawa haukuwa msimu wa maembe.

Bibi akaondoka kwenda Sudi kwa ndugu yake. Sisi watoto tuliambiwa anakwenda kumsaidia kulea. Hakurudi. Amezikwa huko.

Ilikuwa wiki ile ile ambayo Mjomba alifika kwenye kurasa zisizokuwepo. Akakaa na watoto saba barazani, kibatari kinawaka, nusu yao ni watoto wa nyumba zilizokuwa zikisema, na hadithi inamtaka aseme kwamba huyu mtu hakufa kwa mzimu, ameuawa na mtu, tena mtu mnayemjua. Akampa mzimu lawama. "Mzimu haupigwi mawe," akaniambia. "Unatundikiwa kitambaa, basi."

Nimelifikiria hili kila siku tangu nifike. Nilizoea kusema, kwa watu wa Mwanza waliokuwa tayari kunisikiliza, kwamba Bwana Msa alinifundisha kutoogopa mambo ya giza, kwamba tukitumia akili ushirikina utaondoka. Nilisema hivyo bila kujua mwisho wa kitabu. Kumbe mtaa wetu haukumlaumu mzimu hata kidogo. Ulifanya kama wapelelezi: umeona kifo, ukatafuta mtu. Ukampata.

Kwa hiyo nimekisoma tena, mara ya tatu, hapa hapa, mchana kwenye kivuli, nikitafuta tofauti iko wapi kati ya Bwana Msa na wale waliorusha mawe. Utotoni raha yangu ilikuwa kushuku. Kila sura nilikuwa na mtu wangu mpya, nilimtaja kwa sauti na Mjomba aliniambia ngoja. Sasa naona jinsi Bwana Msa anavyochelewa. Najum anakereka naye, Inspekta anataka kumkamata mtu, na yeye amekaa anavuta kiko. Jina analo mdomoni halitoi mpaka awe amelizungushia ushahidi kila upande, likiwa halina pa kutokea tena. Hilo ndilo nililoliruka nikiwa mtoto, kwa sababu kwa mtoto ni sehemu zinazochosha. Leo ndizo ninazozirudia. Bibi yangu hakuwa na mtu wa kuchelewa kwa ajili yake, isipokuwa mwanawe mmoja aliyepindua hadithi.

Kuna mengine ya kusema kuhusu vitabu vile. Ulimwengu wake ni wa watu wenye mashamba na mirathi, na ukikumbuka kwamba cha kwanza kilitoka miaka minne kabla ya Mapinduzi ya 1964 unasoma kwa jicho jingine. Mazungumzo yake nayo ni marefu, vijana wa leo watayaona marefu mno. Mimi hayanisumbui. Kiswahili kile kinatembea kwa mwendo wa watu wanaokunywa kahawa na hawana pa kwenda.

Juzi usiku nilimsomea Mjomba zile kurasa. Nilitumia mwanga wa simu. Alisikiliza amefumba macho, midomo inatembea, na mahali fulani alinitangulia maneno, baada ya miaka zaidi ya thelathini. Nilipofika jina lilipotajwa alinishika mkono, akasema nirudi nyuma ukurasa mmoja, nianze tena, nisiende mbio.

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, ameanza kukisoma mwenyewe. Jana alimfuata Mjomba kumuuliza muuaji ni nani. Mjomba alimwambia asome, kurasa ziko zote.

Ijumaa baada ya swala tunakwenda Sudi, mimi na Mjomba. Kaburi la Bibi sijawahi kuliona. Halina kibao, ila Mjomba anasema hata kwa macho yale atalijua, kwa sababu kichwani pake aliupanda mkorosho.