Wi-Fi ya wateja isiguse kompyuta ya mauzo

Duka la jumla pale Mwanga, Kigoma, likiwa na ruta moja tu, simu ya mteja na kompyuta ya mauzo hukaa mtandao mmoja. Balaa huanzia hapo. Badilisha nywila ya kiwandani, washa mtandao wa wageni, kisha zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila: PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuivunja.

Nakala ya data iweke kwenye diski ya nje, uichomoe ikimaliza kunakili. Ukiiacha imechomekwa (wengi huiacha!), kirusi cha kufunga mafaili huifunga nayo. Kila mwezi jaribu kurejesha faili moja.

Kompyuta ya mauzo ikiwa bado na Windows 10 je? Msaada wake wa kawaida, yaani masasisho ya usalama, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.