Siku ya meza ya watu kumi: Jumamosi moja katika mkahawa wa Kichina Nairobi

Saa tatu asubuhi

Kazi ya kwanza ni kuingia chumba cha baridi kuwagusa bata. Wametundikwa tangu jana asubuhi, nyuzi 4, feni ikiwapulizia. Ngozi iliyo tayari hukwaruza kidole kama karatasi ya khaki. Ikinata, bado ina maji, na maji hayo yatageuka mvuke tanurini, ngozi itoke laini kama ya kuku wa kuchemsha. Kati ya bata watatu wa leo, mmoja ana tundu dogo chini ya bawa. Hewa ilimtoka alipokuwa akipulizwa, ngozi ikalalia nyama. Huyo haendi meza ya sherehe. Atakatwakatwa akaangwe na wali.

Ndiyo sababu anayepiga simu leo akitaka bata wa Beijing usiku huu huu tunamwambia hapana. Bata wa kilo mbili na nusu hivi hupulizwa kwa pampu ngozi iachane na mafuta, humwagiwa maji yanayotokota mpaka akaze, hupakwa shira ya maltozi, sukari nzito ya nafaka (sehemu moja kwa sita za maji ya moto, na siki kidogo), kisha hukaushwa saa 24 au zaidi. Majongoo ya bahari waliokaushwa ni wagumu zaidi: wape siku tano za kurowekwa na kuchemshwa, maji yakibadilishwa kila siku. Sufuria ikiwa na mafuta hata kidogo, nyama yao huanza kuyeyuka. Kwa hiyo weka nafasi mapema, na taja vyakula siku hiyo hiyo unayoweka nafasi.

Saa nne na nusu

Chewa wameingia kutoka pwani kwenye barafu. Nachagua wa kilo moja, macho yamejaa, mashavu mekundu. Mkubwa zaidi ya hapo huiva mgongoni akiwa mbichi karibu na mfupa.

Meza ya leo ni ya familia kutoka Mombasa. Bibi yao ametimiza miaka 80. Hawali nguruwe wala kitu chenye pombe, na hapa lazima jiko liseme kweli. Mvinyo wa mchele wa Shaoxing huingia karibu kila kitoweo cha Kichina, na mafuta ya nguruwe hujificha kwenye vijazo vya vitafunio vya mvuke. Kuondoa vipande vya nyama hakutoshi. Bata wamechinjwa na Mwislamu, chupa za soya zimesomwa lebo moja moja, na makarai, visu, mbao na vikapu vya mianzi vya meza hii vimewekwa kando visichanganywe na vingine. Mahali pa mvinyo tunatia supu ya kuku na matone ya siki ya mchele. Mkahawa usioweza kufanya hivyo useme wazi kabla ya kupokea arbuni.

Saa nane mchana

Chapati za bata. Gramu 300 za unga wa ngano kwa mililita 200 za maji yanayochemka. Kanda, funika nusu saa. Unakata madonge madogo, unapaka moja mafuta ya ufuta, unalibandika jingine juu yake, unasukuma yote mawili kwa pamoja mpaka yawe membamba, unaweka kwenye kikaango kikavu. Ikivimba katikati, toa, na uiachanishe ikiwa bado ya moto: zinatoka mbili, laini, mwanga unapita. Ikipoa hazitengani tena, zinachanika. Watu kumi, chapati 40.

Saa kumi na moja jioni

Meza ya duara, kipenyo mita 1.8, kioo cha kuzunguka katikati. Kiti kinachotazama mlango ni cha bibi. Maua meupe nimeyaondoa, kwa Wachina ni ya msiba. Vyakula ni vinane, kwa kuwa nane kwa Kichina husikika karibu na kupata mali. Nne hukaribia neno la kifo, hivyo hatupeleki sahani nne kwa mpigo.

Saa moja na nusu usiku

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo vijiti mimi siviwezi."

Vijiko na uma viko tayari chini ya leso, hakuna anayelazimika kuomba. Chai ni pu'er, chai ya Kichina iliyochachushwa, inakata mafuta ya bata. Maji ya kwanza humwagwa. Ukitaka birika lijazwe, acha kifuniko wazi kidogo, tutaona.

Saa mbili

Bata ametoka tanurini baada ya dakika 55, amepumzishwa kumi. Anakatwa mbele ya meza. Ngozi ya kifua kwanza, vipande vidogo, vichovywe kwenye sukari nyeupe. Kisu kikipita husikika kama mtu anavunja biskuti. Kisha nyama, kila kipande na ngozi yake, na vitunguu majani, tango na sosi tamu ya ngano ndani ya chapati. Kuleni sasa, picha baadaye: baada ya dakika kumi mvuke wa nyama umeshailainisha ngozi. Mifupa inarudi jikoni, ichemshwe kwa moto mkali na kabichi ya Kichina mpaka supu iwe nyeupe kama maziwa.

Samaki anakuja karibu na mwisho. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo chewa anayeiva dakika nane huko Guangzhou, kusini mwa China, hapa anataka kumi. Maji yaliyojikusanya kwenye sahani humwagwa, yana shombo. Tangawizi na vitunguu majani juu, mafuta yaliyoanza kutoa moshi, soya pembeni. Kichwa kinamwelekea bibi.

Mwisho ni tambi za maisha marefu, na hatuzikati, hata kwa wajukuu wadogo. Vuta taratibu.

Saa nne na nusu

Kufunga mabaki. Tambi na kamba wa baharini hufungwa kwenda nyumbani. Samaki wa mvuke hapashwi moto tena, mmalizeni hapa. Nyama ya bata iende bila sosi. Kesho ikaangwe kavu dakika mbili. Ngozi iliyobaki haifungwi, na mpaka sasa sahani yake ni tupu.