Kompyuta 42, setingi moja

Wiki nzima tunashinda hapa ofisini karibu na Kilindini tukiweka setingi za usalama kwa kompyuta zote 42, yaani paswadi ndefu, skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika 10, na flashi zisichomekwe ovyo. Zamani nilikuwa nazunguka meza kwa meza, hii nimefunga ile nimesahau, saa hii Group Policy ya Windows, yaani ile ya kupangia kompyuta zote setingi mara moja, inasambaza kila kitu kutoka kwa seva, kompyuta kuu ya ofisi, ila mashine huchukua mabadiliko kila dakika 90 hivi, nikichoka kungoja naandika kwenye mashine amri ya gpupdate /force iyachukue papo hapo.

Mama mmoja wa uhasibu alikuwa amebandika paswadi chini ya kibodi, karatasi imeshapauka, nikamwambia mama hii tuitoe, akaichana mwenyewe. Wallahi nilifurahi. Kesho zile 3 za stoo.