Nilivyoacha Kufunika Lenzi

Mwaka jana familia moja ilinialika niwapige picha katika bustani ya miti ya Arboretum jijini Nairobi, ambako nyanya yao alikuwa akitimiza miaka 70. Tulianza na picha za kujipanga, wazee vitini na watoto mbele yao, kisha nikawashukuru, nikazima kamera na kufunika lenzi. Papo hapo tumbili akashuka mtini na kunyakua kipande cha keki kutoka kwenye sahani ya nyanya, naye, badala ya kupiga mayowe, akaangua kicheko mkono ukiwa kifuani na macho yamefumba kabisa. Nilipoiwasha kamera, tumbili alikuwa matawini na nyanya ameshatengeneza kilemba chake. "Kijana, si ulisema umemaliza?" akaniuliza.

Wengi hudhani kwamba picha ya ghafla hutokana na wepesi wa mkono, lakini mimi naona hutokana na maamuzi yaliyofanywa mapema. Siku hizi, mchana, hutumia lenzi ya milimita 35, nikaweka tundu lake la kupitisha mwanga kwenye f/8, yaani dogo kiasi, na kulenga umbali wa mita 3, kwa kuwa hapo kila kitu kuanzia takriban mita 2 hadi 7 huonekana vyema bila lenzi kuhangaika kutafuta uso. Muda wa kupokea mwanga huwa sekunde 1/500, unaotosha kuzuia kicheko kisigeuke ukungu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, huiachia kamera yenyewe, maana jua letu la karibu na ikweta ni kali mno uwanjani, ilhali hatua tano tu chini ya miti kuna kiza. Jioni mpango huo haufai: jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, giza huingia upesi, nami hulazimika kufungua lenzi zaidi na kulenga jicho moja kwa moja.

Hata hivyo, kilichobadilika zaidi ni tabia yangu baada ya kusema "asanteni". Neno hilo huwafungua watu mabega. Baba hulegeza tai, dada wawili huendeleza ugomvi wao wa asubuhi, na mtoto huvua viatu vilivyombana. Basi hulisema mapema kwa makusudi, kamera ikiwa bado imewaka kifuani. (Siyo hila: huwaarifu tangu mwanzo kwamba nitaendelea kupiga, na asiyependa picha yake, mimi huifuta mbele yake. Isitoshe, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data hugusa pia picha inayomtambulisha mtu.)

Familia ile ilipopokea picha zake, nyanya alizipitia zote polepole, akairudia ile ya watoto mbele ya wazee, kisha akauliza ile ya tumbili iko wapi.