Galaxy S5 yangu ilivyorudi kazini

Galaxy S5 hii nilipewa na kaka yangu. Ni simu ya mwaka 2014, na kampuni iliyoitengeneza ilikomea kuipa Android 6.0.1. Kufikia mwaka 2022 programu kadhaa nilizozihitaji zilikuwa zinagoma kuingia. Nikaipeleka kwa fundi wa simu wa mtaani kwetu. Akaigeuzageuza, akasema, "Dada, hii usihangaike nayo. Niuzie nitoe spea."

Nilikataa. Kioo hakikuwa na mkwaruzo, kamera ilikuwa inapiga picha safi, betri inashika chaji. Iliniuma kuona chombo kizima kinatupwa kwa sababu tu mtu fulani ameacha kukihudumia.

Nikaamua kuiwekea LineageOS. Huu ni mfumo uliojengwa juu ya Android na watu wanaojitolea, walioendeleza kazi ya CyanogenMod ilipofungwa mwishoni mwa 2016. Toleo la simu yangu lilikuwa 18.1, yaani Android 11.

Kabla ya yote nilichomoa betri nikasoma kibandiko kilicho chini yake. Hapa usifanye haraka hata kidogo. S5 zinafanana kama mapacha, lakini SM-G900F na SM-G900H zina prosesa tofauti kabisa, na faili la F halifai kwenye H. Yangu iliandikwa F. Nikahamishia picha na namba zote kwenye laptopu, maana kila kitu kwenye simu kingefutwa.

Nikaizima, nikabonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwashia, nikachomeka waya. Kwa programu ya Heimdall nikatuma rikavari mpya, ile sehemu ndogo inayopokea mfumo. Mara ya kwanza nilikosea: niliiacha simu ijiwashe yenyewe, na mfumo wa zamani ukairudisha rikavari yake. Nikarudia. Safari hii, kazi ilipoisha tu nilichomoa waya na betri, nikarudisha betri, nikaingia rikavari moja kwa moja kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kuongeza sauti, cha katikati na cha kuwashia.

Ndipo nikaanza kutuma mfumo wenyewe. Asilimia zikapanda hadi 47, zikasimama. Kwenye laptopu ukatokea mstari unaosema imeshindwa kusoma amri, na mwisho wa mstari huohuo neno "mafanikio". Mikono ilinitoka jasho. Nikarudi kusoma maelekezo ya LineageOS, nikakuta yametaja hali hiyohiyo: inaweza kuishia 47 na kazi ikawa imekamilika. Nikawasha. Kiduara kikaanza kuteleza juu ya upinde, kikateleza muda mrefu kweli, nikakaa nayo pale mezani kama mgonjwa hadi ikaniomba nichague lugha. Nikachagua Kiswahili.

Sikuweka huduma za Google. Programu nazitoa F-Droid, duka la programu huria za bure, ramani natumia Organic Maps, ambayo ukishaipakua haili bando. Programu ya benki yangu ilikataa kabisa kufunguka, na hilo nalisema wazi kwa yeyote anayetaka kujaribu. Pesa natuma kwa *150*00# ya M-Pesa, na hiyo haijali simu ina mfumo gani. Alama ya Knox, ile ya usalama ya Samsung inayoonyesha kama mfumo umewahi kuchezewa, nayo imegeuka kuwa 0x1 na haitarudi tena, kwa hiyo ukiwa na simu yenye waranti fikiri mara mbili.

Wiki iliyofuata nikampelekea fundi. Aliishika kimya, akafungua mipangilio, akasoma "Android 11" mara mbili. Kisha akavuta droo, akatoa S5 mbili zenye vumbi. "Dada, hebu nioneshe unaangalia wapi."

Tukachomoa betri. Ya kwanza F. Ya pili H, hiyo akairudisha drooni. Ile F tukaichomeka chaji palepale.