Daftari la maji ya Jambiani: mwezi wa pili

Mwezi 14 (siku ya kumi na nne tangu mwezi uandame)

Karibu saa kumi alasiri. Maji yamefika alama ya juu kabisa niliyochora kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa mawe, nami nimesimama na daftari mkononi nikiutafuta mwezi. Haupo. Bado saa moja na nusu hivi uchomoze. Nikayatazama tena maji, nikatazama mashariki, nikakaa mchangani.

Tangu shule ya msingi najua kwamba mwezi huvuta maji. Na tangu nihamie hapa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, miaka minne iliyopita najua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mambo haya mawili yameishi kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Kama mwezi unayavuta maji yaende kwake, basi yangejaa pale ulipo, mara moja tu kwa siku. Haya yaliyojaa sasa hivi, mwezi ukiwa upande wa pili wa dunia, yamevutwa na nani?

Mwezi 15

Nimekesha na penseli. Kosa langu lilikuwa kuufikiria mvuto wenyewe, wakati kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Maji yaliyo upande unaoutazama yako karibu nao kuliko kitovu cha dunia kwa kilomita 6,400 hivi, kwa hiyo yanavutwa zaidi kidogo. Maji ya upande wa nyuma yako mbali zaidi, yanavutwa kidogo kuliko dunia iliyo chini yake. Dunia inavutwa kuelekea mwezini, yenyewe yanabaki nyuma. Vilima viwili vya maji, kimoja mbele, kimoja nyuma. Isaac Newton aliyaeleza haya mwaka 1687.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mchoro huo huo ulinijibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Jua huivuta dunia kwa nguvu nyingi kupita mwezi, mbona si lenye kauli juu ya bahari? Kwa sababu liko mbali mno, kilomita milioni 150 hivi, na kwa umbali huo upande wa mbele na wa nyuma wa dunia ni kama viko mahali pamoja. Tofauti ya mvuto inakuwa ndogo, hata nusu ya ile ya mwezi haifiki. Hilo sikulikariri popote, lilitoka lenyewe kwenye mchoro.

Mwezi 17

Kijiti cha kwanza cha kupimia maji nimekiacha. Nilikuwa nimekichomeka ndani ya wangwa, uwanda unaofunikwa na maji yakijaa, na maji yakipwa kinabaki kwenye mchanga mkavu, kwa hiyo kwa mwezi mzima nilikuwa napima nusu ya juu tu ya safari ya maji. Cha pili kiko kwenye mkondo karibu na mwamba, pembeni mwa shamba la mwani la jirani yangu. Ndiye aliyenionyesha mahali.

Nilimwambia: "Shikamoo, Mama. Leo maji yamepwa saa tano na nusu. Kesho yatapwa saa sita na dakika ishirini." Nilikuwa nimepiga hesabu, kila siku mwezi huchelewa kwa dakika 50 hivi, na maji hali kadhalika.

Akatikisa kichwa huku anafunga kamba. "Marahaba. Hayafiki huko kesho, mwanangu. Bamvua hutembea polepole, maji mafu ndiyo hukimbia. Wewe wajua, lakini hujafahamu."

Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji mafu ni yale madogo ya nusu mwezi. Lakini neno nililolibeba siku nzima ni hilo la kufahamu. Kwetu Morogoro, mtu akisema "nalifahamu suala hilo" ana maana habari zimemfikia, basi. Hapa Unguja, kufahamu ndiko kule sisi wa bara tunakoita kuelewa, mwalimu akimaliza somo huuliza, "Mmefahamu?" Na anayezirai, bara na pwani, amepoteza fahamu. Kwa hiyo neno moja limebeba kuwa macho, kuwa na habari, na kuelewa. Kwa sikio langu la bara Mama alikuwa amesema "unajua, lakini hujajua". Ilibidi nijitafsirie Kiswahili kwa Kiswahili ndipo nikasikia alichosema.

Mwezi 18

Yamepwa saa sita na dakika nane. Dakika 38.

Mwezi 24

Maji mafu. Ukutani hayafiki hata alama ya tatu, na wakulima wa mwani hawaendi shambani kwa sababu maji hayatoki vya kutosha. Kati ya jana na leo yamechelewa kwa saa moja na dakika 20. Ile hamsini yangu ni wastani, na siku ambayo wastani unatimia ni chache.

Nimepata sababu, na imenichukua siku nne. Kilima cha jua hakichelewi, kila siku kiko saa ile ile. Cha mwezi ndicho kinachosogea kwa dakika 50. Wakati wa bamvua vinapandana, na kilele tunachokiona ni cha vyote viwili, kwa hiyo jua linakishika kisiende mbio. Wakati wa maji mafu, jua linapunguza pale mwezi unapoinua, na kilele kinakimbia bonde la jua. Nikiweka jua kuwa karibu nusu ya mwezi, hesabu inanipa zaidi kidogo ya dakika 30 kwenye bamvua, na saa moja na nusu kwenye maji mafu. Kijiti kinakubaliana nami kwa kiasi. Mama alikuwa nalo jibu kabla sijanunua daftari.

Mwezi 27

Lililobaki linaniuma zaidi. Mwezi mpevu huwa juu kabisa saa sita usiku. Mbona bamvua hapa hujaa saa kumi, alasiri na alfajiri, miaka nenda rudi? Zipo saa nne ambazo mchoro wangu hauna pa kuziweka.

Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati Mfaransa, katika karne ya 18, alionyesha kwamba bahari haiwezi kusimama vilima viwili vikiufuata mwezi. Maji husafiri kama mawimbi marefu, yanazuiwa na mabara na kupindishwa na mzunguko wa dunia. Penye kina cha kilomita 4 wimbi la namna hiyo huenda kilomita 700 hivi kwa saa. Sehemu iliyo chini ya mwezi, kwenye ikweta, hupita kwa kasi ya kilomita 1,600 kwa saa. Halifiki hata nusu. Mchoro wangu wa mwezi 15 unaonyesha nguvu tu. Maji yenyewe hayamo. Pengo la saa nne halitoki kwenye karatasi, kila ufuko una lake na lazima lipimwe pale pale. Ile saa kumi ambayo kila mtu wa Jambiani anaitaja bila kufikiri ndiyo kipimo hicho.

Nimechora safu mpya kwenye daftari. Ya kwanza ni utabiri wangu, ulioandikwa kwa wino usiku kabla ya kupima. Ya pili ni wa Mama, nitamwuliza kila jioni akitoka shambani. Ya tatu ni kijiti. Naanza mwezi mosi ukiandama.